Kuweka pesa kwenye biashara changa ya mtu mwingine: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Maswali mnayoleta yanafanana sana. "Nilimpa shemeji milioni sita afungue duka la vipuri Kizota, sasa hapokei simu." "Mdogo wangu ana kiwanda cha kukamua alizeti, nilichangia mashine, leo ananiita mkopeshaji." Kwa pesa iliyokwishatoka bila karatasi, jibu ni fupi na halifurahishi. Mwongozo huu ni wa pesa ambayo bado iko mkononi mwako.

Kosa linalojirudia ni lile lile: pesa inatoka kabla watu wawili hawajakubaliana ni pesa ya nini. Aliyetoa anajua kanunua sehemu ya biashara. Aliyepokea anajua kakopa. Mama yao anajua ni msaada. Wote watatu wanasema kweli.

Mfano nitakaoutumia ni kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Dodoma, kwa sababu ndicho wengi wenu mnachouliza. Mgahawa, saluni, karakana au programu ya simu, hatua ni hizi hizi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pesa ambayo haina kazi nyingine kwa miaka mitano. Ada za watoto si pesa hiyo. Mkopo wa mshahara ndiyo kabisa usiuguse, maana utaanza kukatwa mwezi ujao wakati kiwanda hakijakamua hata ndoo moja.
- Namba yako ya NIDA (kitambulisho cha taifa), TIN (namba ya mlipakodi), na akaunti ya benki.
- Kutoka kwa mwenye biashara: NIDA, TIN, cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara na kampuni), leseni ya biashara, na mkataba wa pango au hati ya eneo.
- Taarifa za miezi 12 za benki na za simu, lipa namba ikiwemo.
- Wakili wako mwenyewe. Wakili wa mwenye biashara ni wa mwenye biashara, hata akiwa mcheshi.
- Mume au mke wako awe anajua. Ugomvi mwingi ninaouona hauanzii kiwandani, unaanzia nyumbani.

## Hatua ya 1: Ipe pesa jina

Kuna majina matatu tu. Zawadi: hairudi, na huwezi kudai chochote. Mkopo: unarudi kwa tarehe, biashara ikienda vizuri au vibaya. Hisa: hairudi kwa tarehe yoyote, ila unamiliki sehemu, unakula faida ikiwepo na unapoteza ikikosekana.

Ukitaka vyote, yaani urudishiwe pesa yako yote na pia ubaki na nusu ya kiwanda, mwenye biashara atakubali siku ya kwanza kwa sababu ana shida. Mwaka wa pili atakuchukia.

Kama umechagua mkopo, ishia hapa: andika kiasi, tarehe za marejesho na dhamana, saini kwa wakili, basi. Ila angalia mambo mawili. Dhamana ikiwa nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa ni lazima, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Pili, kumkopesha ndugu mara moja si sawa na kufanya kukopesha kuwa kazi. Ukianza kukopesha watu kwa riba kama biashara, unahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018.

Waliochagua hisa tuendelee.

Imekaa sawa ukiona: wewe na mwenye biashara, kila mtu peke yake, mkiulizwa "hii pesa ni ya nini?" mnatoa jibu moja.

## Hatua ya 2: Gawa kabla hujatoa

Biashara changa nyingi hufa, na huwezi kujua ipi itakufa kwa kumwangalia mwenyewe usoni. Ukiwa na milioni 20 za kazi hii, usiweke zaidi ya nusu kwa mtu mmoja. Na katika hiyo nusu, acha sehemu ya baadaye, maana biashara ikienda vizuri itarudi kuomba tena, na ikikukuta mkavu ataingia mwingine na sehemu yako itapungua.

## Hatua ya 3: Kagua kwa miguu

Hapa ndipo watu huruka, na ndipo pesa inapookolewa. Usikagulie hotelini juu ya chai. Nenda kiwandani, nenda bila taarifa mara ya pili, na nenda siku ya kazi.

Anza na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mkamuaji atakwambia mashine inakimbia saa nane kila siku. Mwombe akuonyeshe ununuzi wake wa umeme kwenye simu. Mota ya kilowati 11 ikifanya kazi saa nane kwa mzigo kamili inakula karibu uniti 88. Siku 25 za kazi ni uniti 2,200 kwa mwezi. Ukikuta alinunua uniti 600, mashine ilikimbia kama siku saba. Huenda hajadanganya. Wengi wanakumbuka miezi ya msimu tu, wanaisahau ile ambayo mashine ilikaa imefunikwa turubai.

Kisha pima mbegu na mafuta. Mashine ndogo hutoa mafuta robo hadi theluthi ya uzito wa mbegu, kutegemea aina ya mbegu na hali ya mashine. Mbegu ya zamani kama Record hutoa kidogo kuliko chotara. Kwa hiyo tani moja ikiingia, tarajia kilo 250 hadi 330 za mafuta, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni mashudu, yaani makapi ya mbegu yaliyokwishakamuliwa. Anayekwambia nusu ya uzito inatoka mafuta hajawahi kupima, au anategemea wewe hutapima. Simama pale, gunia moja lipimwe linapoingia, ndoo ipimwe inapotoka.

Na uliza mashudu yanauzwa kwa nani. Wafugaji wanayanunua kwa pesa taslimu, na daftari nyingi nilizofunguliwa zina safu ya mafuta lakini hazina safu ya mashudu. Hilo ni duka la pili ndani ya duka, na pesa yake huwa haifiki benki.

Angalia mwaka mzima. Dodoma ina mvua ya msimu mmoja, alizeti inavunwa kuanzia kama Mei, na kiwanda kinanunua mbegu kwa miezi michache ili kikamue mwaka mzima. Mwenye mtaji wa kununua mbegu zikiwa nyingi ndiye anayepata. Asiye nao anakamua za wateja kwa ujira na kusubiri. Biashara nyingine nazo zina misimu yake: mgahawa wa mjini hauwezi kupimwa kwa mauzo ya Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiwa linaendelea na wageni wamejaa. Steshenari ya karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma haipimwi kwa wiki ya kufungua chuo. Ndiyo maana niliandika taarifa za miezi 12, si tatu.

Angalia madeni. Aombe TRA (mamlaka ya mapato) hati ya kutodaiwa kodi. Aombe taarifa zake za mikopo. Aulizwe waziwazi kama yuko kwenye kikundi chenye mkopo wa halmashauri (ule wa asilimia 10 ya mapato yake), VICOBA au SACCOS, na kama mashine imewekwa dhamana popote. Mashine iliyowekwa rehani benki si mali ya kukuuzia wewe robo yake.

Na usisahau hatari isiyo mikononi mwake. Bei ya mafuta ya alizeti inategemea sana ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje, na ushuru huo huguswa kwenye bajeti inayosomwa hapa hapa jijini kila Juni. Mwulize: bei ikishuka kwa robo, utalipaje mbegu ulizonunua? Sitafuti jibu zuri hapo. Natafuta kama amewahi kulifikiria.

Tahadhari: akikwambia "kaka, mbona huniamini?" usijitetee. Mwambie ungemkagua hata kama angekuwa baba yako, kisha rudi kwenye daftari. Anayekasirika kwa kuulizwa mauzo kabla ya kupokea pesa hatakuonyesha mauzo baada ya kuipokea.

## Hatua ya 4: Kampuni kwanza, hisa baadaye

Wengi wana jina la biashara lililosajiliwa BRELA na wanaliita kampuni. Si kampuni. Jina la biashara halina hisa, halina cha kukugawia. Ukiingia humo kama mbia, madeni ya biashara yanaweza kukufuata hadi mali zako binafsi.

Kampuni yenye ukomo wa hisa ni mtu wa kisheria anayejitegemea. Ikifa, unapoteza ulichoweka na si zaidi, isipokuwa umesaini udhamini benki. Kwa hiyo usisaini udhamini. Narudia kwa sababu benki itauomba: mwenye robo ya hisa hana sababu ya kudhamini deni lote.

Usajili unafanyika kwa mtandao wa BRELA. Mtahitaji NIDA na TIN za wakurugenzi, katiba ya kampuni, na kutaja wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika nyuma ya majina. Leseni ya biashara inaombwa kwa mfumo wa TAUSI wa halmashauri. Kisha mali zihamie kwenye kampuni: mashine, jina la nembo, mkataba wa pango, akaunti. Hapa pana mtego. Kampuni ikisajiliwa huku mashine ikibaki kwa jina la mwenyewe, umenunua robo ya karatasi.

Kama kampuni ipo tayari, omba upekuzi BRELA ujue wanahisa na wakurugenzi ni akina nani hasa. Nimeona "mwanzilishi" ambaye jina lake halikuwemo kabisa.

Tahadhari nyingine: kampuni binafsi hairuhusiwi kuwaalika watu wote wanunue hisa zake, na wanahisa wake hawazidi 50. Ukitumiwa kwenye kundi la WhatsApp tangazo la "hisa za mradi wa zabibu, faida kila mwezi", ujue ni kitu kingine. Kuuza hisa kwa umma kunapita Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

## Hatua ya 5: Kubalianeni thamani

Mwenye kiwanda anasema biashara yake ni milioni 60. Umeuliza imetokaje, anataja kiwanja: "Dodoma ya leo unaijua, kiwanja Nkuhungu peke yake ni pesa." Ukiangalia hati, kiwanja ni cha mama yake. Kitoe.

Baki na vitu viwili: mali za kampuni kwa bei ya kuuzwa leo, na faida ya mwaka. Faida ihesabiwe baada ya kumlipa mwenye biashara mshahara. Kiwanda ambacho mwenyewe hajilipi, ila anachukua kidogo kidogo cha nyumbani, hakina faida inayojulikana. Mpangieni mshahara unaofanana na ambao mngemlipa msimamizi wa kuajiriwa, muutoe, kisha muone kinachobaki.

Tuseme kimebaki milioni 10 kwa mwaka kabla ya kodi. Kwa biashara ndogo ya msimu mimi sivuki miaka mitatu ya faida. Hiyo ni milioni 30. Atalalamika kwamba hamjahesabu ndoto. Kweli, hamjahesabu. Ndoto ni sehemu yake ya kazi, na ikitimia yeye ndiye mwenye hisa nyingi.

Sasa hesabu inayokosewa kila mara. Biashara ni milioni 30, wewe unaweka milioni 10. Sehemu yako ni robo, si theluthi. Pesa yako ikiingia, biashara inakuwa milioni 40, na 10 kwa 40 ni asilimia 25. Kwa hisa: yeye ana hisa 300, kampuni inatoa hisa mpya 100 kwako kwa shilingi 100,000 kila moja, jumla zinakuwa 400.

Zingatia neno *mpya*. Akikuuzia sehemu ya hisa zake, pesa inaingia mfukoni mwake na kampuni haipati mbegu hata gunia moja. Kampuni ikitoa hisa mpya, pesa inaingia kwenye akaunti ya kampuni. Kwa macho mambo haya mawili yanafanana, wote mnasaini na kupiga picha. Soma hati tena kabla ya kusaini.

Kisha jiulize kama inakulipa. Faida milioni 10, kodi ya kampuni asilimia 30, inabaki milioni 7. Nusu inarudi kununua mbegu, nusu inagawiwa: milioni 3.5. Robo yako ni 875,000. Kodi ya zuio kwenye gawio ni asilimia 10, unabaki na 787,500. Kwa milioni 10 uliyoweka, hiyo ni chini ya asilimia 8 kwa mwaka, na hatari yote ni yako. Hatifungani ya serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, unaingia kwa milioni moja na unalala usingizi. Kwa hiyo usiingie kwa sababu ya gawio. Ingia kama kuna sababu ya kuamini faida itakua, na kama kuna njia ya kutoka iliyoandikwa.

## Hatua ya 6: Andikeni mkataba wa wanahisa

Katiba ya kampuni ni ya BRELA na kila mtu. Mkataba wa wanahisa ni wenu. Haya ndiyo nisiyokubali yakosekane:

- Idadi ya hisa, bei, na pesa inakwenda kufanya nini.
- Mshahara wa mwenye biashara, na kwamba haupandi bila saini yako.
- Mambo yanayohitaji ridhaa yako: mkopo mpya, kuuza mashine, kutoa hisa kwa mtu mwingine, kulipa ndugu.
- Taarifa ya kila mwezi, tarehe gani, yenye nini.
- Mwenye biashara akiondoka au akifariki, hisa zake zinakuwaje. Watu wanaona aibu kuliuliza. Msipoliandika, mtaliuliza msibani, mbele ya ndugu ambao hamjawahi kukutana.
- Akiacha kazi kabla ya miaka mitatu, sehemu ya hisa zake irudi. Vinginevyo anaweza kuajiriwa serikalini mwezi wa nne akabaki na robo tatu ya kiwanda ambacho wewe ndiye unakiendesha.
- Njia ya kutoka. Tutaifikia.

Imekaa sawa ukiona: una nakala iliyosainiwa na kushuhudiwa na wakili, hati yako ya hisa iko mkononi, na mgao mpya wa hisa umepelekwa BRELA. Ukifanya upekuzi, jina lako linatokea. Lisipotokea, hujamaliza.

## Hatua ya 7: Toa pesa kwa mafungu

Usitoe milioni 10 siku moja. Fungu la kwanza ni la mashine au chujio, na linalipwa moja kwa moja kwa muuzaji dhidi ya risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye jina la kampuni. Fungu la pili ni la mbegu, na linatoka msimu ukifungua, si Februari wakati hakuna cha kununua. Pesa ya mbegu ikitoka mapema hugeuka bati la nyumba, na sijaona bati likikamuliwa.

Kila fungu liwe na sharti linaloonekana kwa macho: mashine imefungwa na imekamua, akaunti ya kampuni ina saini mbili, daftari la mashudu limeanza. Na mkataba useme hisa zinatolewa kadiri pesa inavyoingia, ili asidai umechelewa na wewe usidai robo nzima kwa nusu ya pesa.

Yote ipite benki. Pesa uliyompa mkononi stendi ya Nanenane hukuitoa.

## Hatua ya 8: Fuatilia bila kukalia kiti chake

Mara moja kwa mwezi, ukurasa mmoja: mbegu zilizoingia kwa kilo, mafuta na mashudu yaliyotoka, mauzo, anaowadai, wanaomdai, salio la benki, uniti za LUKU. Basi. Usimpigie kila jioni kuuliza ameuza ngapi, na usipeleke mpwa wako akawe mtunza fedha.

Kwa uzoefu wangu dalili mbaya ya kwanza si hasara. Ni taarifa inayochelewa. Ikichelewa mara mbili mfululizo, panda bajaji uende.

Msaada wako wa thamani mara nyingi si pesa. Mpeleke SIDO, shirika la viwanda vidogo, akapate mafunzo na mashine bora, msukume amalize taratibu za TBS, shirika la viwango, ili aingie madukani, mkutanishe na mnunuzi wa Kibaigwa unayemfahamu.

## Hatua ya 9: Kutoka

Hisa za kiwanda cha Nkuhungu huwezi kuziuza Soko la Hisa. Mnunuzi wako halisi ni mmoja: mwenye biashara. Kwa hiyo mkataba useme kwamba baada ya mwaka wa nne una haki ya kumtaka anunue hisa zako, kwa mafungu ndani ya miezi kadhaa, na kanuni ya bei iandikwe leo wakati bado mnapendana. Kwa mfano: wastani wa faida ya miaka miwili mara tatu, kisha sehemu yako. Wastani ukiwa milioni 24, biashara ni milioni 72, robo yako ni milioni 18. Anunue yeye binafsi, si kampuni, kwa sababu kampuni kununua hisa zake yenyewe kuna masharti mengi ya kisheria.

Na ikifa? Mashine ikiuzwa, wanaolipwa kwanza ni wafanyakazi, TRA, benki na wadai wengine. Mwenye hisa ni wa mwisho, mara nyingi hakuti kitu. Hapo usimgeuzie kibao ukaanza kudai "mkopo wako". Ulinunua hisa. Lakini msiiache kampuni ining'inie: taarifa za mwaka BRELA na ritani TRA zinaendelea kudaiwa hata kama mlango una kufuli, na faini zinapanda. Iteni kikao, andikeni azimio la kuifunga, lipeni kinacholipika, mpeleke maombi BRELA na TRA, na mhifadhi barua zote mbili za kufungwa.